Kilo Moja ya Ferrari, Kilo Moja ya Pijo

Tarehe 25 Agosti 2018, mjini Monterey, California, Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 iliuzwa kwenye mnada kwa dola za Marekani 48,405,000. Gari hilo lina uzito wa kama kilo 900. Ukigawanya, kila kilo ilikwenda kwa zaidi ya dola 50,000. Mwezi huo kilo ya dhahabu safi ilikuwa haijafika dola 40,000. Kwa fedha zile zile mnunuzi angeweza kujipatia dhahabu yenye uzito wa gari zima, kuanzia tairi hadi usukani, na bado akabaki na zaidi ya dola milioni 10.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi. Nayapenda magari ya Kiitaliano tangu utotoni, tangu siku nilipoanza kutofautisha gari na gari kwa kutazama mkunjo wa buti tu, na swali langu limekuwa lile lile: mtu analipia nini hasa? Ndani ya GTO hamna dhahabu. Kuna alumini, chuma, vioo, raba na ngozi kidogo. Ilipokuwa mpya iliuzwa Marekani kwa kama dola 18,000. Kutoka hapo hadi Monterey bei imepanda zaidi ya mara 2,600, na chuma ni kile kile.

Wengi watakujibu kwamba ni uhaba. Ni kweli, zilitengenezwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964. Wengine watataja ushindi, kwa kuwa magari hayo yaliipa Ferrari ubingwa wa dunia wa magari ya aina ya GT miaka mitatu mfululizo, 1962, 1963 na 1964. Yote mawili yana uzito wake. Lakini yapo magari mengi yaliyotengenezwa kwa uchache kuliko hapo, na mengine yakashinda mbio, na leo hakuna anayeyaulizia. Ukiondoa uhaba na vikombe, kinachobaki ni umbo. Umbo halina kilo. Halipimwi kwenye mizani, haliozi kwa kutu, na ukishalichora unaweza kulitia kwenye magari 36 au kwenye magari milioni nne. Hapo ndipo uchambuzi wangu unapoanzia, kwa sababu Waitaliano walifanya yote mawili, na mimi nimefikia uamuzi kuhusu lipi kati ya hayo ni kubwa zaidi.

Nyundo na kalibu

Bodi ya gari inaweza kutengenezwa kwa njia mbili. Aliyewahi kusimama Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam anaijua sauti ya njia ya kwanza. Fundi anachukua bati, anachukua nyundo, analigonga juu ya mfuko wa mchanga au gogo, analipima kwenye kiunzi cha mbao, analitoa, analigonga tena, hadi litulie. Hivyo ndivyo bodi za GTO zilivyotengenezwa katika karakana ya Sergio Scaglietti mjini Modena. Hakuna mbili zinazofanana sawasawa. Gharama yake ni saa za mtu. Gari la kumi linakula saa karibu sawa na gari la kwanza, hivyo kutengeneza mengi hakupunguzi bei, lakini pia hakuna mtaji mkubwa unaotakiwa kabla ya kuanza. Ukiwa na mafundi hodari na alumini, umeshaanza kiwanda.

Njia ya pili ni kalibu. Unachonga vipande viwili vizito vya chuma, cha juu na cha chini, vyenye umbo la boneti. Unaweka bati katikati, mtambo unashuka, na boneti imekamilika kwa sekunde chache. Gari zima linahitaji kalibu nyingi za namna hiyo, na zote hulipiwa kabla hata gari moja halijauzwa. Ndiyo maana idadi ya magari inatawala kila kitu. Tuseme kalibu za bodi nzima zimegharimu shilingi za Tanzania bilioni 100, namba ambayo nimeichagua kwa mfano tu. Ukizitumia kwa magari 36, kila gari linabeba shilingi bilioni 2.78 za kalibu pekee. Ukizitumia kwa magari 3,893,294, kila moja linabeba shilingi 25,700 hivi, fedha ambayo haifiki hata bei ya tairi.

Sikuiokota namba hiyo ya pili hewani. Ndiyo idadi ya Fiat 500 zilizotengenezwa kati ya mwaka 1957 na 1975.

Angalia sasa hesabu inasema nini kuhusu uzuri. Kalibu ya boneti mbaya na kalibu ya boneti nzuri zina bei inayokaribiana, maana zote ni chuma kilichochongwa. Tofauti iko kwa mtu aliyeshika penseli miezi mingi kabla. Mshahara wake, ukiugawa kwa magari karibu milioni nne, hauonekani kabisa kwenye bei. Kwa gari la watu wengi, uzuri ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote vilivyomo. Kampuni inayotoa gari baya kwa kisingizio cha kubana matumizi haijabana chochote.

Yai la Giacosa

Fiat 500 ilitoka tarehe 4 Julai 1957 kwa bei ya lire 490,000, karibu mshahara wa mwaka mzima wa mfanyakazi wa kiwandani. Urefu wake ni mita 2.97. Upana na kimo vinakaribia kulingana, mita 1.32 kila kimoja. Injini yake ya silinda mbili, inayopozwa kwa hewa, ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 479 na nguvu ya farasi 13. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 85 kwa saa. Uzito haukufika kilo 500, na kwa hiyo kila kilo ya gari jipya iliuzwa kwa karibu lire 1,000.

Mhandisi aliyelibuni alikuwa Dante Giacosa. Kwenye meza yake palikuwa na tatizo moja, bei ya bati. Kila kilo ya chuma aliyoiongeza ilimsogeza mnunuzi mbali na gari na kumrudisha kwenye pikipiki ya Vespa. Jibu lake limo kwenye umbo lenyewe. Ganda la yai ni jembamba kuliko ukucha lakini ukilibana kwa kiganja halivunjiki kirahisi, kwa sababu limepinda pande zote. Bati lililopinda vizuri linajibeba lenyewe, halihitaji kuongezewa unene wala mataruma mengi. Mviringo ule wa Fiat 500 ambao watu wanauita wa kupendeza, unaowafanya watoto watake kuugusa, ulikuwa kwanza hesabu ya kuokoa chuma. Paa nalo likapunguzwa. Kwenye gari la mwanzo sehemu kubwa ya juu ilikuwa turubai la kukunja, jepesi na la bei nafuu kuliko bati, na likampa mwenye gari la bei ya chini jua na upepo ambavyo tajiri alivilipia kwenye gari la wazi.

Mwanzoni biashara ilisuasua. Gari lilikuwa limenyimwa mno, hata kiti cha nyuma kilikuwa ubao tu bila raha yoyote, na watu wakasita. Miezi michache baadaye Fiat ikaongeza nguvu ya injini na kurekebisha viti, na hapo milango ikafunguka. Mwaka 1959 Giacosa alipewa Compasso d'Oro, tuzo kuu ya ubunifu nchini Italia. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, likaichukua Fiat 500 kuwa sehemu ya hazina yake.

MoMA ilikuwa na Mwitaliano mwingine tangu zamani. Mwaka 1951 ilipofanya maonyesho ya magari manane kama kazi za sanaa, mojawapo lilikuwa Cisitalia 202, gari la alumini lililogongwa kwa nyundo katika karakana ya Pininfarina; magari ya aina hiyo yalitengenezwa kama 170 tu. Cisitalia ilionyesha mabawa ya tairi, boneti na ubavu vikitiririka kuwa kitu kimoja badala ya vipande vilivyobandikwa. Gari la nyundo, magari 170. Gari la kalibu, magari karibu milioni nne. Nyumba moja ya sanaa inayaheshimu yote mawili, na mimi naona imefanya haki.

Mji wa wachoraji

Mambo haya hayakutokea popote pale Italia. Yalijikusanya Torino. Fiat ilianzishwa huko mwaka 1899. Mwaka 1923 ikafungua kiwanda cha Lingotto, jengo la ghorofa tano ambamo malighafi iliingia chini na gari likapanda ghorofa baada ya ghorofa likijengwa, hadi likatokea juu ya paa lilipofanyiwa majaribio kwenye barabara ya mzunguko yenye urefu wa kama kilomita moja. Kiwanda kikubwa namna hiyo huzaa mafundi kila mtaa. Waliokuwa wakitengeneza magari ya farasi wakageukia bodi za magari ya injini. Giovanni Bertone alifungua karakana yake mwaka 1912. Battista Farina, ambaye kwao aliitwa Pinin na baadaye jina hilo likaunganishwa rasmi na la ukoo likawa Pininfarina, alifungua ya kwake mwaka 1930. Giorgetto Giugiaro, aliyezaliwa mwaka 1938, aliingia kwenye ofisi ya wachoraji wa Fiat akiwa na miaka 17, akapita kwa Bertone na Ghia, kisha mwaka 1968 akaanzisha Italdesign. Marcello Gandini, aliyezaliwa mwezi ule ule na mwaka ule ule, akachukua kiti chake kwa Bertone na kuchora Lamborghini Miura, Countach na Lancia Stratos.

Karakana hizi ziliuza kitu kimoja ambacho hakina kilo: mstari. Na wateja wao hawakuwa Waitaliano peke yao. Volkswagen Golf ya mwaka 1974 ni kazi ya Giugiaro. Kizazi hicho cha kwanza peke yake kilifikia karibu magari milioni 7. Hyundai Pony ya mwaka 1975, gari lililoifungulia Korea Kusini njia ya kuwa taifa la magari, ni kazi yake pia. Toyota Aristo ya kwanza, ile inayoonekana bado kwenye baadhi ya mitaa yetu ikiwa imeshushwa na kupakwa rangi upya, ilitokana na mchoro wa Italdesign.

Panda

Kwangu mimi kilele cha hayo yote hakipo Maranello kwa Ferrari wala Sant'Agata kwa Lamborghini. Ni sanduku lenye taa mbili, Fiat Panda ya mwaka 1980.

Hapa Giugiaro alikuwa na tatizo tofauti na la Giacosa. Miaka 23 ilikuwa imepita, mishahara ya viwandani ilikuwa imepanda, na sasa kilichouma zaidi kilikuwa kalibu, saa za kuunganisha, na kila hatua ya ziada kiwandani. Basi akageuza jibu. Badala ya yai akachora sanduku. Bati za bapa hutaka kalibu nyepesi na hupigwa mara chache zaidi. Vioo vyote vikawa bapa, hata cha mbele. Kioo kilichopinda lazima kipashwe moto kwenye tanuru na kulazwa kwenye umbo lake, lakini kioo bapa unakikata tu. Kioo bapa kikivunjika kijijini, gharama ya kukirudisha ni ndogo. Bei ya bati ndiyo iliyochora Fiat 500. Bei ya kalibu na kioo ndiyo iliyochora Panda.

Ndani, mbele ya abiria palikuwa na mfuko mrefu wa kitambaa uliotandazwa mlango hadi mlango kama rafu, wa kutupia funguo, mkate, kofia na karatasi. Vitambaa vya viti vilivuliwa vikafuliwa. Kiti cha nyuma kilisogezwa katika mikao saba. Kiliweza kulala kikawa kitanda, au kikaning'inizwa kama machela ya kubebea mzigo usiotakiwa kugonga, au kikatolewa kabisa. Injini zake hazikuwa mpya. Zilichukuliwa kwenye Fiat 126 na Fiat 127 zilizokuwepo tayari, moja ya farasi 30 na nyingine ya farasi 45, kwa hiyo mtaji wa injini ulikuwa umeshalipwa na magari mengine. Urefu mita 3.38, uzito kama kilo 700 au pungufu. Mwaka 1983 likaja toleo la magurudumu manne, mfumo wake ukitengenezwa kwa msaada wa Steyr-Puch ya Austria, na wakulima na maposta wa milima ya Alpi wakalishika wasiliachie. Mengine bado yanapanda huko hadi leo.

Kizazi hicho cha kwanza kilidumu hadi mwaka 2003 na kufikisha karibu magari milioni 4.5. Linganisha na Lamborghini Countach ya Gandini, picha iliyokuwa ukutani mwa vijana wa dunia nzima: ilitengenezwa kuanzia 1974 hadi 1990 na haikufika mbali kupita magari 2,000. Kwa kila Countach moja kulikuwa na Panda zaidi ya 2,000. Countach ina kimo cha mita 1.07 na milango inayofunguka kwenda juu, na nikiiona moyo hunidunda kama wa mtoto. Lakini aliyeichora aliruhusiwa kila kitu. Aliyechora Panda alinyimwa karibu kila kitu, na kile alichobakiziwa akakifanya kiwe na adabu, akili na sura inayojulikana kwa umbali wa nusu kilomita. Kama ningeambiwa nichague gari moja la Kiitaliano liwakilishe mapenzi yangu yote, ningechagua Panda bila kusita.

Kwenye barabara zetu

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba haya yanamhusu mtu wa Ulaya tu, kwa kuwa Fiat na Alfa Romeo kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Hata hivyo kalamu ya Torino imepita kwetu kwa mlango mwingine. Tangu Peugeot 403 ya mwaka 1955, kampuni hiyo ya Ufaransa iliifanya Pininfarina mshirika wake wa michoro. Ndipo ikaja 404 mwaka 1960 na 504 mwaka 1968, ile ambayo watu wetu waliiita Pijo tu, kana kwamba hakuna nyingine. Kenya iliunganisha 504 hadi mwaka 2004. Duniani kote zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu. Taa za mbele zilizokatwa pembeni kama macho yaliyolegea kidogo na buti linaloshuka ghafla kwa mkunjo mmoja, yote yale yalichorwa na watu wa Pininfarina. Mkunjo wa buti niliosema mwanzoni, ule ulionifundisha kutazama magari, ulikuwa huo.

Na zilikuwa ngumu. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1975, Ove Andersson alishika nafasi ya kwanza kwa 504. Nyuma yake, nafasi ya pili na ya tatu zilichukuliwa na Sandro Munari na Björn Waldegård, wote wawili kwenye Lancia Stratos. Tazama matokeo hayo kwa jicho la mchoraji. Gari la familia la Kifaransa limeyashinda magari mawili ya mbio yaliyojengwa kwa kazi hiyo tu, na yote matatu, kuanzia la kwanza hadi la tatu, yalichorwa katika mji mmoja na viunga vyake. Stratos zilizotengenezwa ni kama 492. 504 zilipita milioni tatu. Lancia ilisubiri hadi 1988 kuipata Safari, Miki Biasion akiendesha Delta Integrale, akarudia mwaka 1989, na Juha Kankkunen akaongeza ya 1991. Delta nayo ni mchoro wa Giugiaro, na kwa kanuni za wakati ule kampuni ililazimika kwanza kutengeneza 5,000 za aina hiyo ndipo ikubaliwe kushindana. Kwa hiyo gari lililoruka kwenye mashimo ya Safari lilikuwa ndugu wa gari ambalo mwalimu wa Torino alilipeleka sokoni.

Kuna deni jingine ambalo halionekani kwa nje. Fungua boneti ya Toyota Vitz au IST. Injini imelala kwa upana, giaboksi imeunganishwa ubavuni mwake, na mhimili mmoja wa kwenda kwenye tairi la mbele ni mrefu kuliko mwenzake. Mpangilio huo Giacosa aliutoa kwanza mwaka 1964 kwenye gari lililoitwa Autobianchi Primula, akiujaribu kwenye jina dogo ili ukiharibika Fiat isiaibike, na mwaka 1969 akauingiza kwenye Fiat 128 kwa mamilioni. Mini ya Uingereza ilikuwa imelaza injini kwa upana tangu 1959, lakini giaboksi yake ilikaa chini ya injini na kutumia oili moja nayo, jambo lililoleta usumbufu. Namna ya Giacosa ndiyo iliyobaki. Leo karibu magari madogo yote duniani yamefuata ramani yake, na teksi nyingi unazopanda mjini ni mojawapo.

Kutu, na namba zinazouma

Mpenzi wa kweli husema na mabaya. Alfasud ya mwaka 1972, iliyotengenezwa Pomigliano d'Arco karibu na Napoli, ilikuwa na umbo safi la Giugiaro na uendeshaji ambao magari ya bei yake hayakuufikia, na ililiwa na kutu mbele ya macho ya wenyewe. Lancia Beta ilipatwa na hayo hayo hadi kampuni ikalazimika kuyanunua tena baadhi ya magari yake kutoka kwa wateja wa Uingereza mwaka 1980, na mwaka 1994 Lancia ikaondoka kabisa kwenye soko hilo. Sioni la kuwatetea. Mchoraji alifanya kazi yake bila kuongeza gharama, halafu aliyepaswa kulinda bati akalinyima. Mtu aliyenunua gari kwa mshahara wa mwaka mzima hastahili kulitazama likitoboka.

Huku kwetu ipo sababu nyingine iliyoyafanya yawe machache. Japani huendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na magari yake yaliyotumika huja kwa meli kwa maelfu, na spea zikafuata. Gari bila spea ni mapambo. Hesabu ya wingi, ile ile iliyoifanya Fiat 500 iwe rahisi, ndiyo iliyoipa Toyota barabara zetu.

Na nyumbani kwao? Mwaka 1989 Italia ilitengeneza karibu magari milioni 2 ya abiria. Mwaka 2024 viwanda vya Stellantis nchini humo, ambavyo ndivyo vilivyoirithi Fiat, vilitoa magari ya abiria 283,090. Italdesign iliingia mikononi mwa kundi la Volkswagen mwaka 2010. Bertone ilifilisika mwaka 2014, ikiwa na umri wa zaidi ya karne moja. Pininfarina ilinunuliwa na Mahindra ya India kwa makubaliano ya mwaka 2015. Gandini alifariki Machi 2024.

Wakati huo huo Ferrari haijawahi kutajirika kama sasa. Mwaka 2024 iliuza magari 13,752, idadi ambayo Toyota, inayotoa zaidi ya magari milioni 10 kwa mwaka, huimaliza kwa kama nusu siku. Mapato yake yalikuwa euro bilioni 6.677 na faida halisi euro bilioni 1.526. Ukiigawa faida hiyo kwa idadi ya magari unapata kama euro 111,000 kwa kila moja, bei ya Panda mpya kadhaa. Naifurahia Ferrari, lakini namba hizi zinanihuzunisha. Sehemu ya Italia iliyojua kumpa mtu wa kawaida kitu kizuri kwa bei ya kitu cha kawaida inasinyaa, na sehemu inayouza uhaba inanenepa. Kazi ya kwanza ilikuwa ngumu zaidi na ndiyo iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi. Ningependa kuona Torino ikiirudia.

Nilianza na kilo moja ya Ferrari. Ipo kilo nyingine ninayotaka uifikirie. Nyuma ya gereji nyingi za Mombasa, Tanga, Nakuru na Morogoro bado unaweza kukuta Pijo 504 imeegeshwa, majani yamepita katikati ya sakafu, na kuku wanalala kwenye siti. Ina uzito wa kama kilo 1,200. Mnunuzi wa vyuma chakavu akija ataipima yote kwa bei moja ya kilo, boneti sawa na nondo iliyopinda, kwa sababu mizani yake haioni mstari. Wewe unauona. Kama gari hilo ni la baba yako au la mjomba, lifunike turubai, mtafute fundi wa bodi mzee anayelijua, akuambie ni nini kinachoweza kuokolewa. Hata kama halitawaka tena, kwanza simama ubavuni mwake jioni, jua likiwa limeshuka, utazame lile buti linavyokunjwa. Tafadhali usiliuze kwa kilo.